Mbuzi wa Ciakuthii

Ukishuka Karurumo ukiwa na masikio mawili na huna haraka, utauziwa hadithi ya Jenerali Mbaka kabla hujauziwa ndizi. Utaambiwa risasi za mzungu zilikuwa zikimgusa kifua zinageuka maji. Utaambiwa aliruka mto Ena kwa hatua moja, bunduki begani na majeruhi mgongoni. Halafu msimulizi atashusha sauti, atatema mate kando, na kukwambia shujaa huyo alivyokwisha. Aliuzwa. Mwanamke aliyekuwa akimpelekea chakula pangoni alienda kwa wazungu akawaonyesha njia, wakamlipa mbuzi.

Mwanamke huyo aliitwa Ciakuthii. Na yule mzee Wambeti anayeuza nduma pale soko la chini, anayekukatalia ukimwomba akupunguzie bei, ni binti yake.

Wambeti ameishi na mbuzi huyo maisha yake yote, na amemwona akizaana. Wambeti alipokuwa mtoto, mbuzi alikuwa mmoja tu, mwekundu, pembe moja imevunjika, kwa kuwa watu walimwona kwa macho yao. Uhuru ulipokuja wakawa wawili. Baadaye wakaongezewa blanketi, kisha gunia la chumvi. Siku hizi vijana wa boda boda wanasema alikuwa ng'ombe wa gredi, na cheki ya benki juu yake.

"Cheki!" Wambeti huwaambia. "Mama yangu alikufa hajui benki mlango wake uko upande gani."

"Lisemwalo lipo, cucu," humjibu huku wakicheka, wakimwita nyanya.

"Basi nanyi inasemwa ni wezi wa mafuta. Lipo?"

Hapo huwasha pikipiki zao.

Shule alisoma mpaka darasa la pili. Mwalimu akigeukia ubao, kelele ilianza polepole kutoka nyuma, kama mtu anayeota ndoto: mee, mee. Mwalimu akigeuka, kimya. Siku moja Wambeti alichukua kibao chake cha kuandikia akampasua nacho kichwa mtoto wa nyuma, akaambiwa asirudi bila mzazi. Hakumwambia mzazi. Alichukua jembe. Ndiyo maana hata leo akisoma Biblia hufuata mstari kwa kidole, na ole wako umharakishe.

Alipofika umri wa kuolewa, wazee wa ukoo wa Munyi, kijana aliyemposa, walikuja kuongea mahari na mjomba wake. Mjomba akataja mbuzi, kama desturi inavyotaka. Mzee mmoja akafuta povu la pombe midomoni akasema, "Kwani mbuzi wa nyumba hii si walilipwa zamani?" Wakacheka mpaka kibuyu kikaanguka. Wambeti alikuwa nyuma ya mlango na uji wa wageni mkononi. Alisikiliza kama kuna kicheko cha Munyi mle ndani. Hakukuwa na kicheko cha Munyi. Kwa hiyo akaolewa naye, na mpaka alipomzika kando ya kahawa yao hakumjutia, ingawa wakwe zake hakuwasamehe hata mmoja.

Walizaa wasichana wawili. Huku Embu jina la mtoto halichaguliwi kama kitambaa dukani. Msichana wa kwanza huitwa mama ya baba yake, wa pili huitwa mama ya mama yake, na hivyo waliokufa wanaendelea kuitwa kuja kula. Wa kwanza akaitwa Kaari. Wa pili akaitwa Ciakuthii, akabatizwa Linda. Huyu wa pili alilibeba jina la nyanya yake mpaka darasa la saba, na alilibeba kama mzigo wa kuni mbichi. Alipokwenda kuchukua kitambulisho akaandikisha Linda Munyi, akaishia hapo. Sasa anauza viatu Makutano, Meru mjini, mahali ambapo watu wana hadithi zao wenyewe na mbuzi wa Karurumo hawamjui.

Mwaka huu Maxine, mke wa Mugendi, alijifungua msichana. Mugendi ni mtoto wa pekee wa Linda. Kwa hiyo msichana wake wa kwanza lazima aitwe kwa jina la Linda, na jina la Linda, kama alivyojua Wambeti aliyempa, ni Ciakuthii. Kaari alizaa wavulana watupu, na mabinti wao wataitwa Kaari. Jina lilikuwa na mlango huu mmoja tu. Likikosa kupita hapo, limekwisha.

Akampigia Linda simu.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Bado, mama. Lakini tumesema Linda. Kama mimi."

"Wewe unaitwa Ciakuthii."

"Mama, tafadhali usianze."

"Sijaanza leo. Nilianza siku nilipokuzaa."

Linda alivuta pumzi. Nyuma yake magari ya Makutano yalikuwa yakipigiana honi. "Nisikize. Huko kwenu wanajenga jiwe la kumkumbuka Mbaka. Mwalimu Gedion ametutumia kwa wosapu maneno yatakayochongwa. Aliuzwa na Ciakuthii kwa mbuzi. Kwa jiwe, mama! Unataka mjukuu wangu atafute jina lake kwa simu apate mbuzi?"

"Nataka mama yangu asife mara mbili."

"Basi wabadilishe jiwe. Jiwe likisema vingine, mimi mwenyewe nitamwita mtoto Ciakuthii, na nitamwita kwa sauti hapa stendi. Lakini kabla ya hapo, hapana. Mimi niliitwa mee miaka yangu yote ya shule. Inatosha."

Na Wambeti naye aliitwa.

Gedion alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya jiwe, mtu wa kuvaa sweta hata jua likiwaka. Wambeti alimwita nyumbani. Akaja, akapewa chai na kiazi, akaweka simu yake juu ya meza imeze maneno.

"Haya, mama. Wewe ndiye umebaki kati ya waliomwona. Tuambie Jenerali alivyokuwa."

"Alikuwa mkali wa bure," Wambeti alisema. "Uji ukipoa kidogo anafoka. Mimi nilikuwa simpendi."

Gedion alikohoa. "Tuseme alikuwa na msimamo."

"Wewe sema unavyotaka. Mimi nasema alivyokuwa."

Akamweleza. Wakati wa Imanjensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, wazungu walikuwa wamewafungia watu wote katika kijiji kimoja, mtaro umezunguka na miti iliyochongwa imesimamishwa ndani yake. Wanawake walifunguliwa mchana kidogo kutafuta kuni na chakula, na homugadi, askari Waafrika wa mzungu, wamewasimamia. Ciakuthii alikuwa mjane. Mume wake alifia kizuizini. Mbaka alikuwa rika la mume huyo, walitahiriwa pamoja, na mke wa mwenzako wa rika hawezi kukunyima chakula. Haikuwa mapenzi, wala si siasa sana. Ciakuthii akishuka kutafuta kuni alimchukua Wambeti, kibuyu cha uji kimefichwa chini ya majani ya viazi, na akiwa pangoni mtoto alikaa nje kupiga mluzi kama mtu anakuja.

"Halafu tumbo likamshika," Wambeti alisema.

"Nani?"

"Jenerali wako. Alikuwa anakunywa maji ya shimo, akahara. Akahara mpaka macho yakaingia ndani. Mama alimletea dawa ya mizizi, haikusaidia. Siku moja tulifika tukamkuta amelala kwa uchafu wake, amekufa."

Gedion alinyoosha mkono taratibu akaizima simu.

"Washa," Wambeti akasema. "Bado sijafika kwa mbuzi."

Hakuiwasha, lakini alisikiliza. Akasikia vile Ciakuthii alivyovua leso yake, akailowesha mtoni, akamwosha yule mwanamume kutoka kichwani mpaka miguuni, naye mtoto ameambiwa akae mbali asiguse kitu. Vile alivyomfunga kwa kamba ya kubebea kuni, kamba ikapita kipajini kwake, akambeba mgongoni mpaka mahali pa udongo laini, akamfunika kwa udongo na mawe. Enzi zile hata ndugu wa damu walikimbia maiti. Mtu aliyeshika maiti alikuwa na mugiro, uchafu ambao hautoki kwa maji wala sabuni. Hali chakula na watu. Halali na watoto wake. Hagusi chungu cha nyumba. Mpaka achinjiwe mbuzi, na mzee wa kutakasa ampake majani ya tumboni mwa mbuzi huyo, ndipo anarudi kuwa mtu.

"Sasa mama alilala nje ya nyumba yetu kama mbwa," Wambeti akasema. "Mimi nilikuwa nalia ndani, yeye ananijibu kutoka nje. Mpaka ndugu yake akatoka Ishiara na pasi, karatasi ya ruhusa ya kwenda soko, amevuta mbuzi mwekundu. Wakamchinja huko bondeni kwa siri, kwa sababu homugadi wangeuliza: umeshika maiti ya nani? Watu waliona mbuzi anaingia kwa mjane maskini. Hawakuona alichinjiwa nini. Na siku hizo hizo mbwa wa mzungu wakanusa kaburi, homugadi wakafukua maiti, wakaipiga risasi, wakaiburuta mpaka barabarani wakasema ni wao wamemuua. Watu wakaweka mbuzi hapa, risasi pale, wakajumlisha."

"Kwa nini hakujitetea?"

"Angesema nini? Mimi ndiye nilimzika? Wangemnyonga. Wazee walioelewa walinyamaza kwa woga, wakaenda na woga wao kaburini. Uhuru ulipokuja akasema. Wakamcheka."

Gedion alikizungusha kikombe mezani. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini.

"Mama Kaari, nakuamini. Nyanya yangu aliwahi kuniambia kuhusu mugiro. Nakuamini kabisa. Lakini watu wametoa mchango kwa jiwe hili, na hakuna mtu duniani atachangia jiwe la jenerali aliyekufa akihara."

"Risasi zilikuwa zinageuka maji, si mnasema? Sasa zile za homugadi zilikataa kugeuka? Hiyo ya kuhara angalau ina maji ya kweli."

Mwalimu alicheka bila kutaka, akaficha mdomo kwa kikombe. Akaenda.

Alirudi baada ya kukaa na kamati, amevaa sweta lile lile, uso umechangamka kama wa mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa. Wambeti alikuwa ameketi nje ya jiko akimenya nduma.

"Mama, nimekupigania," alisema kabla hajakalia kigoda. "Tutatoa mbuzi. Tutatoa kuuzwa. Jiwe litasema hivi: Alipigwa risasi akipigana, na Mama Ciakuthii alimlisha hadi siku ya mwisho. Jina lake, mama, kwa herufi kubwa! Tunachoomba ni kitu kimoja. Mambo ya tumbo uyaache."

Kisu cha Wambeti kilisimama.

Hakuwa mjinga. Alijua amewekewa nini mkononi. Jiwe lenye jina la mama yake, safi. Linda amesema jiwe likisema vingine ataita. Mtoto ataitwa. Ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kitu ambacho Karurumo nzima imeweza kwa miaka yote hii.

"Alimlisha," akasema polepole.

"Hadi siku ya mwisho."

"Mwalimu, kumlisha tulimlisha wengi. Mama ya Riungu, jirani yetu, alimpelekea viazi. Wengine hata majina yao hatuyajui. Lakini kumwosha, alimwosha yeye peke yake. Alimwosha mavi, mwalimu. Mtu aliyekuwa akimfokea kwa uji. Akambeba mgongoni kama kuni. Sasa kama alipigwa risasi akipigana, nani alioshwa?"

"Mama—"

"Na kama hakuna aliyeoshwa, mbuzi alikuwa wa nini? Watu hawatamsahau mbuzi kwa sababu umemtoa kwa jiwe. Watasema, aa, wameifichia tu ile familia. Na watoto wa wale homugadi wataendelea kula shamba ambalo baba zao walipewa kwa kupiga maiti risasi. Kila mtu ana fungu lake kwa huo uongo. Ukoo wa Mbaka wana shujaa. Watoto wa homugadi wana shamba. Wewe una jiwe. Mama yangu mnampa nini? Sufuria ya uji."

"Nakupa jina!" Gedion alipandisha sauti, majirani wakachungulia. "Huyo kitukuu wako si atapata jina? Linda amenipigia, ameniambia yote. Unataka nini zaidi, mwanamke wewe?"

"Andika alikufa na tumbo, na Ciakuthii akamwosha akamzika. Maneno machache tu. Jiwe lako ni dogo hivyo?"

"Hawawezi kukubali."

"Basi na mimi siwezi."

Gedion alisimama, akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Umejifungia mlango kwa mkono wako. Usije ukasema ni Gedion."

Kabla jua halijatua Linda alikuwa kwa simu. Hakusalimia.

"Mama, kubali. Ni maneno tu."

"Na mbuzi alikuwa maneno tu. Yalikuuma?"

"Ndiyo yaliniuma! Ndiyo maana nakwambia kubali! Umepewa mlango, unataka kupitia ukutani!"

"Mlango wenyewe umejengwa na wale wale waliotufungia."

"Wewe unampenda mama yako aliyekufa kuliko mtoto aliye hai," Linda alisema, akakata simu. Wambeti alibaki ameishikilia sikioni, akiisikiliza ikinyamaza.

Siku ya kufungua jiwe kulikuwa na hema, spika, na mheshimiwa aliyechelewa. Kwaya iliimba. Wambeti alikuwa amejiandaa kusema. Alipoinua mkono, kijana mwenye maikrofoni alimtazama Gedion, Gedion akatazama miti, na maikrofoni ikapitishwa kwa mjukuu wa mmoja wa homugadi wale, aliyesimulia kwa machozi jinsi risasi zilivyokuwa zikigeuka maji. Watu wakapiga makofi. Wambeti akasema kwa sauti yake bila maikrofoni, "Alikufa na tumbo, akaoshwa na mama yangu!" Waliokuwa karibu walisikia. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu, aibu kwa ajili yake. Msichana mmoja alimshika mkono akamwambia, "Cucu, keti, jua ni kali."

Watu walipokwenda kula, alilikaribia jiwe akafuata herufi kwa kidole. Ilimchukua muda. Walikuwa wameliacha jina nje. Hilo Gedion alimfanyia. Jiwe lilisema tu kwamba Jenerali Mbaka aliuzwa kwa adui na mwanamke wa hapa. Mwanamke wa hapa. Kwa hivyo sasa hata katika kutukanwa hakuwa na jina.

Alikwenda Makutano kumwona mtoto, kwa sababu mtoto ni mtoto. Alibeba ndizi za kupikia uji wa mzazi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Linda alimpokea mzigo bila kumtazama usoni. Mugendi alikuwa kazini. Maxine, msichana wa mjini mwenye sauti ya pole, alimpa kiti kizuri, akamwekea mtoto mapajani.

"Huyu ndiye, cucu. Linda mdogo."

Mtoto alikuwa na paji pana. Wambeti alilijua paji lile, la mama yake. Alipitisha kidole juu yake, pale kamba ya kuni inapokaa ikiacha alama kwa wanawake wa zamani. Paji hili halitabeba kamba. Hilo halikuwa jambo la kusikitikia.

"Ni kweli alimwosha?" Linda aliuliza ghafla akiwa mlangoni, mkono umeshika pazia.

"Ni kweli."

"Na hakumpenda?"

"Hata kidogo."

Linda alitikisa kichwa, kama mtu anayepima kiatu na kuona ni kizuri ila hakimwingii. "Mimi nakuamini, mama. Mwanzo sikuamini, sasa naamini. Lakini nikimwita hivyo, nitamwelezea kila mtu mpaka lini? Wewe umeelezea maisha yako yote. Umefika wapi?"

Wambeti alimvuta mtoto karibu. Gedion naye alimwamini. Wambeti alikuwa amejifunza mwaka huu kwamba kuaminiwa si kitu kikubwa alivyodhani.

"Cucu, mbariki basi," Maxine alisema. "Mugendi alisema lazima wewe ndiye utambariki."

Wambeti akaiinua nguo ya mtoto. Akajilowesha midomo, akamnyunyizia mate kidogo kifuani kama wazee wanavyofanya, mara moja, na mara nyingine. Akamwombea tumbo gumu, miguu yenye nguvu, na watu wa kumzika vizuri akishazeeka. Maxine alijibu amina kwa kila moja. Kisha Wambeti akafikia mahali ambapo mzee humtaja mtoto kwa jina lake, ili baraka ijue inakwenda kwa nani.

Walingoja. Mtoto alipiga chafya.

"Taja jina, mama," Linda akasema.

"Nimemaliza."

"Mama. Taja. Hata Linda tu. Usimwache mtoto hivyo."

Wambeti aliishusha nguo ya mtoto, akaifunga vifungo kimoja kimoja kwa vidole vilivyopinda. Akamrudisha kwa Maxine, akainuka, akakaza leso yake kiunoni.

"Gari la kurudi Runyenjes," aliuliza, "linajaza wapi siku hizi?"